Mahali Ambapo Jua Halikugusa Maji

Mmeniuliza sana, nyinyi wa Kashikishi, wa Kilwa ya Kongo ng'ambo na wa Mantapala, na kila mtu nimempa kipande chake tu. Huyu nimemwambia habari ya dubu, yule habari ya ndege, na mwingine alinishika mkono sokoni nikiwa nachagua vitunguu, akataka kujua kama ni kweli kule mate yanaganda kabla hayajafika chini. Sasa naandika mara moja. Someni, mpeane, mniache nipake rangi maboti ya watu. Habari za pasipoti na viza sitawasimulia, nikianza hizo tutazeeka wote.

Kwa asiyenijua, mimi ni Kabange, mwanamke mpaka rangi wa maboti ya mbao hapa ufukweni mwa ziwa Mweru, Zambia. Tulizaliwa wawili. Pacha wangu Kyungu alitoka na wenzake kwenda kuvua chisense, wale dagaa wetu, na upepo ukawakuta katikati ya ziwa, upepo ambao wakati wake haukuwa umefika. Siku hizi upepo wa Mweru hauna adabu, unakuja unapotaka. Wenzake ziwa liliwarudisha. Yeye halikumrudisha.

Kwetu, katika nyumba ya mama yangu, mtu ambaye maji hayajamrudisha hafanyiwi matanga. Kila jioni jua linapogusa maji, mtu wake anasimama ufukweni na kumwita jina mara tatu. Akiwa pacha, anayeita ni pacha mwenzake, kwa sababu hiyo ndiyo sauti atakayoifuata. Mama, ambaye majirani Wabemba humwita Nampundu, mama wa mapacha, aliongeza lake: hataonja samaki mpaka Kyungu aitike au apatikane. Kutokula samaki Kashikishi! Hapa hata moshi una ladha ya samaki. Alikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, na siku nyingine ugali na chumvi, na akakonda mpaka pete ya ndoa akaifunga kwa uzi shingoni.

Mambo yakawa hivyo hadi mtu mmoja alipopita ufukweni akapiga picha boti nililolipaka. Picha hiyo ilisafiri kuliko mimi, ikawafikia watu wanaowapeleka wachoraji na wanamuziki kwenye barafu ya kaskazini, wakaione kabla haijaisha, wachore walichokiona. Wakaniandikia. Nilimwambia mama nikiwa nimekwisha kukata shauri la kukataa.

"Kama unaenda, nani atamuita?" aliniuliza.

"Njo sababu siende, mama."

Aliendelea kuchekecha unga. Halafu akasema, "Enda. Utamuita kule. Mayi yote ni mayi. Jua ikigusa mayi, unaita. Lakini sikia, Kabange. Weye njo unaita. Mayi ikikuita weye, usiitike hata kidogo."

Nikamwahidi yote mawili.

Kashikishi hadi Mofwe

Nilipata nafasi kwenye lori la samaki wakavu linaloenda Mansa. Dereva alisema tunaondoka asubuhi, na kweli tuliondoka ilipokuwa bado asubuhi mahali fulani duniani. Karibu na Mofwe tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa limepasuka tangu zamani, likibebwa kama pambo. Dereva akaazima baiskeli, akafunga gurudumu nyuma, akaenda kutafuta wa kuziba.

Nilikaa kando ya maji ya Mofwe, nikanunua viazi vitamu vya kuchoma kwa mama mmoja wa pale barabarani, nikala huku nikiangalia matete. Maji ya Mofwe hayana mawimbi kama ya kwetu. Yanakaa tu. Jua liliposhuka likagusa maji, nikasimama na kuita kama nilivyoahidi.

"Kyungu! Kyungu! Kyungu ee!"

"Eee!" ikaitika sauti kutoka kwenye matete.

Tangu siku nilipoanza kuita, hakuna aliyewahi kuitika. Matete yakafunguka, ukatoka mtumbwi, na ndani yake mvuvi wa makamo amevaa kofia ya sufu, anasukuma kwa upondo.

"Nakuya, mama! Weye njo ulikuwa naita? Unataka kuvuka?"

"Hapana, tata. Sikukuita weye. Nilikuwa naita ndugu yangu."

"Ndugu yako eko wapi?"

"Eko mu mayi ya Mweru. Hatuyamupata."

Upondo ukasimama. "Awe, mukwai! Mutu wa kufa njo ulikuwa naita, na miye nimeitika?"

"Sikujua kama kuko mutu."

"Nirudishie sauti yangu, mama. Rudisha mbio! Mutu akiitika jina ya mufu, anaingia pa nafasi yake!"

Sikujua sauti ya mtu inarudishwaje. Yeye alijua, au alijifanya kujua. Alijaza maji mdomoni, akatema kushoto na kulia, akanitaka niseme kwa nguvu "Haukuwa weye" mara tatu. Nilisema. Akarudi kinyumenyume ndani ya matete bila kunipa mgongo, na macho yake ndiyo yaliyopotea mwisho.

Dereva aliporudi nilimweleza, akacheka sana, akasema watu wa Mofwe wana mambo. Lakini kutoka pale hadi Mansa hakuniita jina langu hata mara moja. Alikuwa akisema tu, "Weye mama pale."

Angani

Kutoka Lusaka nilipanda ndege, nikashuka, nikapanda nyingine, na kila ndege ilinilisha kuku yuleyule. Jambo la kuwasimulia ni moja. Jioni ilitukuta juu ya mawingu, jua linashuka, na maji hakuna, ni mawingu tu kama pamba iliyosahauliwa shambani. Nilihangaika. Ahadi ni deni, na mama yangu ni mdai asiyesahau. Mwishowe nikaomba maji, wakaniletea kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani. Nikakiinua mbele ya dirisha, nikafunga jicho moja, nikakishusha polepole mpaka ukingo wa jua ukakaa juu ya maji. Nikaita kwa kunong'ona.

Jirani yangu, bwana mnene mwenye tai, alidhani naongea naye. Akaniinamia kwa upole, "Samahani, unaniita?"

Nikamzuia kwa kiganja usoni kabla hajasema zaidi. Sikutaka mwingine wa kuingia nafasi ya mtu. Masikini, alikaa kimya hadi mwisho wa safari, na walipopitisha maji alikataa.

Mji wa mwisho

Kisiwa tulichofika, mimi na wachoraji na wanamuziki wengine, kina mji mmoja mdogo wa nyumba za rangi rangi. Zinasimama juu ya nguzo kama maghala ya mahindi, kwa sababu ardhi chini yake imeanza kulainika. Hakuna mti, hata mmoja. Nilizunguka mji mzima nikitafuta mahali pa kuegemea.

Mwenyeji wetu alikuwa kiongozi wa njia aitwaye Terje, mtu wa ndevu na bunduki mgongoni. Bunduki ilikuwa ya dubu, lakini mimi niliyekulia karibu na mpaka wa Kongo, ambako bunduki huja na vita, sikuipenda. Alitupitisha kando ya makaburi machache yenye misalaba myeupe, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha sokoni mbona ni machache hivyo.

"Siku hizi hatuziki hapa," alisema. "Ardhi hii haikai na mfu. Baridi inamsukuma juu polepole, miaka mingi baadaye anatokea."

Nilisimama nikayaangalia makaburi yale. Nikamwonea wivu mama mwenye mtoto pale. Ningependa kumpeleka mama yangu nchi ambayo ardhi yake inarudisha.

Halafu nikamwuliza swali langu. "Jua linagusa maji saa ngapi?"

Terje alicheka. "Haligusi. Mpaka kiangazi kiishe halitagusa."

Nilidhani ananitania, kama sisi tunavyomwambia mgeni kwamba mamba wa Mweru hali Wakristo. Nikaenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, nikasubiri. Jua lilishuka kidogo, likabadili mawazo, likaanza kuzunguka mbingu kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mji ukalala, madirisha yakafungwa mapazia mazito, na jua liko palepale likiangaza mitaa isiyo na mtu. Ndege weupe walipita bila kulia. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemwahidi mama kitu ambacho nchi ile haina, na hofu niliyoipata siku hiyo haikunitoka tena.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Wale hawakufika kule, wangeona lisilojulikana likiwa mchana mweupe.

Siku iliyofuata walitupa chakula cha nchi yao: samaki mkavu mgumu kama ubao, anayepigwa nyundo kwanza ndipo aliwe. Harufu ilinifikia kabla ya sahani. Ilikuwa ufukwe wa Kashikishi mtupu. Wenzangu wakaziba pua, na mimi nikala huku machozi yananitoka, wakadhani ni nyundo imenigonga kidole.

Melini

Tulipanda meli ndogo, wachoraji, wanamuziki na Terje. Niliyezoeana naye ni Aino, mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi, ambaye kazi yake ni kunasa sauti. Alikuwa na kifaa chenye waya mrefu anachokizamisha majini, halafu anasikiliza kwa spika za masikioni akiwa amefumba macho, kama mkunga anayesikiliza tumbo. Tulilala chumba kimoja. Aliniambia barafu haina kimya, inasema wakati wote, na kila mwaka inasema kwa haraka zaidi.

Jambo lililonitisha kuliko baridi lilikuwa ramani. Kwenye chumba cha nahodha kulikuwa na ramani kubwa kwenye skrini, na alama ya meli yetu ilikuwa inatembea katikati ya weupe.

"Hapa ni nchi kavu," nilisema.

"Ilikuwa barafu," alisema Terje. "Waliochora ramani waliikuta. Sasa ni maji."

Nikatoka nje, nikaangalia chini. Maji meusi, tulivu. Tulikuwa tunapita ndani ya mlima wa barafu ambao haupo tena. Nikakumbuka jinsi sisi wenyewe tunavyopiga makasia juu ya nyumba zilizomezwa mwaka ule Mweru ulipopanda, na jinsi mama anavyotukataza kuongea kwa sauti tukipita juu ya jiko la mtu. Kwa hiyo nilinyamaza. Wengine walipiga picha.

Kisha tukamwona dubu. Mmezoea kunisikia nikitia chumvi, lakini hapa sitii. Alikuwa amekaa ufukweni kwenye mawe, mweupe wa uchafu, ngozi imelegea, mabega yamechongoka. Hakuwa anawinda wala kutembea. Alikuwa amekaa anaangalia maji.

"Anafanya nini?" niliuliza.

"Anasubiri barafu," alisema Terje. "Bila barafu hawezi kuwafikia sili, wale wanyama wa majini, na ndio chakula chake."

"Itakuja?"

"Kila mwaka inachelewa zaidi."

Nilimwangalia mpaka macho yakauma. Nilikuwa namjua. Kila jioni namwacha nyumbani amekaa hivyohivyo.

Sasa wale mnaouliza nilichora nini, hiki ndicho. Kule kusiko na mti, fukwe zimejaa magogo na mbao ambazo maji yamezileta kutoka mito ya mbali. Nilichagua ubao mmoja mpana, nikatoa rangi zangu za maboti. Baridi ilikuwa imezigandisha zikawa nzito kama uji wa muhogo, ikabidi nizikalie kwanza. Nikamchora dubu yule amekaa, na kiunoni nikamfunga kitenge, kile cha mama chenye maua ya bluu. Chini ya miguu yake sikupaka kitu. Nyinyi mnajua sheria yetu: boti linapakwa juu tu, sehemu inayoguswa na maji si ya mpaka rangi. Wenzangu waliusifu sana ule utupu, wakauita ujasiri. Nikawaachia jina lao. Ubao umebaki kule kwenye ukumbi wao, na nasikia watu wanasimama mbele yake wakiuliza kwa nini dubu amevaa nguo.

Juu ya barafu

Siku tuliyofika kwenye barafu yenyewe, Terje alitushusha kwa boti la mpira, akatupandisha juu ya bamba la barafu lililo pana kama kiwanja cha mpira. Akazima injini na kutuomba tukae kimya. Jua lilikuwa chini kabisa, chini kuliko nilivyowahi kuliona tangu nifike, limetandaza utepe mwekundu juu ya maji hadi karibu na viatu vyangu. Chini zaidi ya hapo lisingeshuka.

Kimya kingi kina mshindo, na kile kilikuwa na mshindo wa damu yangu mwenyewe masikioni. Nilihesabu jioni zote nilizokosa kuita nikashindwa, maana jioni hazikuwepo. Nikawaza Kyungu amesikiliza ufukweni, hakusikia sauti yangu, akadhani nimechoka naye. Nikaona afadhali kuita vibaya kuliko kutoita.

"Kyungu! Kyungu! Kyungu ee!"

Sauti yangu ilikwenda ikaisha. Hakuna mlima ulioirudisha. Terje aligeuka kunitazama, wengine wakaganda. Halafu, kutoka chini ya nyayo zetu, barafu ikatoa mguno mrefu, mrefu, uliopanda hadi magotini kabla haujafika masikioni.

Eeee.

Mtu mmoja alinishika mkono, sijui nani. Terje akasema ni barafu inajinyoosha, hutokea, lakini alisema huku akirudi nyuma kuelekea boti.

Aino peke yake hakushtuka. Alikuwa amezamisha waya wake kwenye ufa, amefumba macho. Akayafumbua, akanivalisha zile spika masikioni bila neno.

Nisikilizeni vizuri. Chini ya ile barafu kulikuwa na mtu anaita. Sauti ilianzia juu, nyembamba, ikazunguka ikishuka, ikashuka, haikuwa na haraka, mpaka ikaishia kwenye mlio wa kifua. Kikapita kimya. Kisha ikaanza tena. Nyinyi mliovua na Kyungu mnajua alivyokuwa akiita anapovuta wavu gizani, ili maboti mengine yajue alipo: ule mwito wake wa kushuka, ambao tulimcheka kwamba anamwimbia dagaa. Ndio huo. Niliusikia chini ya maji, mwisho wa dunia, mchana wa saa za usiku.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Pumzi ilikuwa imeshapanda, "Ee" iko kwenye meno, nikakumbuka neno la mama, nikauma glavu.

"Sili," alisema Aino taratibu. "Dume, wale wenye masharubu. Wanaimba chini ya maji kutafuta wake. Wengi huwadhania watu."

Alipomaliza kusema, kichwa kikatoka majini, si mbali. Kichwa cha mviringo, cheusi, kimelowa, masharubu marefu yananing'inia. Kyungu alikuwa na masharubu ambayo hakuna mwanamke aliyemshauri kuyafuga. Macho yale makubwa yaliniangalia mimi. Kila mtu kwenye lile bamba baadaye alisema aliangaliwa yeye, lakini najua nilichokiona. Halafu kikazama, na maji hayakuacha hata duara.

Tuliporudi melini nilimweleza Aino yote, Kyungu, mama, jua na samaki. Aliposikia habari ya samaki alishika kichwa. Hakuniambia nimekosea. Aliniwekea sauti ile kwenye simu yangu, akasema, "Ni mnyama, Kabange. Ila mimi nimemsikiliza miaka mingi na bado sijui anasema nini."

Tangu hapo nilikuwa na mzigo mkubwa kuliko begi. Mama alisema mpaka aitike. Nikimwambia ameitika, atakula. Nikimwambia ni mnyama, atarudi kwenye chumvi yake mpaka tumzike yeye. Na yule mvuvi wa Mofwe alisema anayeitika jina la mfu huingia nafasi yake. Kama ni hivyo, yule mwenye masharubu alikuwa nani sasa?

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama kawaida ya njia za kurudi. Pale Mofwe lori lilisimama tununue viazi. Mtumbwi wa yule mvuvi ulikuwa umepinduliwa kwenye ukingo, majani yameanza kuota pembeni yake. Nikamwuliza mama muuza viazi mwenyewe yuko wapi.

"Alihama," akasema. "Eko kwa shemeji yake, mbali na mayi. Anasema kuko mutu anamuita jioni yote mu matete."

Viazi vile sikuvila.

Nilifika Kashikishi jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amekaa mahali pake, kwenye mchanga uliobaki kati ya nyumba yetu na maji, na mchanga wenyewe ulikuwa umepungua tangu niondoke. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alipofungua mdomo kunisalimia, sauti haikutoka vizuri. Wakati wote ule alikuwa akiita yeye, jioni zote, asiache pengo.

"Uliita?" akaniuliza kwa mkwaruzo.

"Jua haikugusa mayi, mama. Hata siku moja. Inazunguka tu."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia bidhaa mbovu. "Hata siku moja?"

"Niliita mara moja tu. Jua ilikuwa karibu na mayi."

"Na kuliitikwa?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri tangu angani. Nilipomwona ile shingo yenye uzi na pete, uongo ukakataa kutoka. Nilimvalisha spika za masikioni, nikasema, "Mama, ni nyama. Nyama ya mayi ya kule, iko na masharubu. Batu benye kujua banasema vile. Lakini sikiliza weye mwenyewe."

Alisikiliza. Sikuona uso wake ukibadilika. Ilipoisha akanionyesha kidole, irudie. Nikairudia. Nilikuwa nikimwogopa kuliko nilivyoogopa barafu. Mara ya tatu aliinua mkono.

"Kuko mwengine," alisema. "Kule mbali. Huyu akimaliza, ule anaitika."

Sikuwahi kumsikia. Nilichukua spika moja, tukasikiliza kichwa kwa kichwa, na kweli: nyuma kabisa, hafifu, sauti nyingine ikishuka kujibu. Na baada ya hiyo, nyingine.

Mama akavua spika. Alikaa akiangalia ziwa, akavuta pumzi ndefu, na machozi yakamtoka bila kilio.

"Njo yeye ao hapana njo yeye, sijui," akasema. "Lakini unasikia? Haniite miye. Hakuite na weye. Eko nasemezana na benzake. Mutu mwenye kazi yake na benzake, basi, sisi tunamuita juu ya nini? Tunamusumbua."

Jua likashuka likagusa maji. Miguu yangu ilisimama yenyewe, kwa mazoea. Mama akanivuta kitenge.

"Ikala."

Nikakaa. Jua likaingia majini lote, jekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Kyungu apotee hakuna mtu aliyeita ufukweni kwetu. Nilikuwa nikisikia kila kitu: mbwa wa jirani, kuni, maji yakilamba mchanga. Nililia kwa nguvu, siwafichi.

"Bale ba pembeni banakaanga nini?" mama akauliza.

"Chisense, mama."

"Enda uombe."

Niliomba, wakanipa sahani bila kuuliza, maana walijua. Nikasonga ugali. Mama akanawa, akachukua dagaa mmoja kwa vidole viwili, akamwangalia, akamweka mdomoni, akamtafuna na kichwa chake. Akachukua wa pili. Alikula kama mtu anayejifunza upya, na mimi nilikula polepole ili asione aibu.

Tulikuwa katikati ya sahani jina langu lilipoitwa kutoka ziwani.

Mara moja tu, wazi kabisa, kwa ule mwito wa kushuka wa mtu anayevuta wavu. Nilitazama. Hakukuwa na boti. Hakukuwa na kitu, maji tu, hadi yanapoishia.

Mama hakuinua macho. Alimega tonge, akalichovya, akanitia mdomoni kwa mkono wake kabla sijaitika, kama nilipokuwa mtoto.

"Kula," akasema.